Nyanya za ndoo zinaoza kitako: kabla hujaongeza dawa nyingine ya asili

"Shikamoo mtaalamu. Naishi Kigamboni, nimepanda nyanya kwenye ndoo 14 za lita 20 uani kwangu. Sitaki kemikali kabisa kwa sababu nina mtoto wa miaka mitatu anayeshinda hapo hapo uani, na nyanya ikiiva anachuma anakula. Natumia vitu vya asili tu: maganda ya mayai, majivu ya mkaa kiganja kimoja kila ndoo kila wiki, mbolea ya kuku naichukua bandani kwa jirani, na wadudu nawapulizia maji ya tumbaku niliyochanganya na sabuni ya unga. Maji ni ya kisima, yana chumvi kidogo, lakini tunaogea na kufulia ingawa sabuni haitoi povu vizuri. Mwanzoni miche ilichangamka. Sasa majani ya juu yamekuwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani, majani ya chini yanaungua kingo, na nyanya karibu zote zinageuka nyeusi kitakoni na kuoza kabla ya kuiva. Maua mengine yanapukutika. Nzi weupe nao wamejaa. Niongeze nini?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza uongeze nini, na karibu jibu langu lote litakuwa la kupunguza. Lakini nyanya zisubiri kidogo, naanza na mtoto.

Hayo maji ya tumbaku yamwage leo, kwenye choo cha shimo, mbali na kisima. Nikotini iliyomo ni sumu kali, na si lazima inywewe ndipo idhuru. Hupenya hata kwenye ngozi. Wavunaji wa tumbaku wanaoshika majani mabichi yenye umande huugua hivyo hivyo: kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu, bila kuvuta hata sigara moja. Mtoto wa miaka mitatu ana mwili mdogo, na mikono yake haikai mbali na mdomo. Nyanya ulizopulizia wiki mbili hizi usimpe. Akitapika ghafla, akitokwa na mate au jasho jingi, au akitetemeka, mkimbize hospitali na uchukue chupa uliyowekea hayo maji umwonyeshe daktari. Usimlazimishe kutapika.

Najua ulichagua tumbaku kwa nia ya kumlinda. Wengi tunadhani kinachotoka shambani ni salama na kinachotoka dukani ni sumu. Mmea haukuwekewa nikotini kwa ajili yetu. Uliitengeneza ili kumuua anayeutafuna, na hautofautishi kiwavi na mtoto. Tena tumbaku na nyanya ni za ukoo mmoja, pamoja na biringanya, pilipili, viazi mviringo na mnavu. Kuna virusi vya tumbaku vinavyodumu muda mrefu hata kwenye majani yaliyokaushwa, na mtu akishika tumbaku kisha akashika nyanya anavihamisha kwa vidole. Kama kuna mvutaji hapo nyumbani, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche.

Sasa tuje kwenye nyanya zako. Dalili ulizotaja zinaonekana kama magonjwa matatu, lakini naziona zikitoka kwenye chanzo kimoja. Ndoo si shamba. Shambani ukikosea kidogo, mvua huosha na mizizi hukimbilia chini kutafuta mahali pazuri. Kwenye ndoo mzizi hauna pa kukimbilia. Kila ulichotia kimebaki humo, na kila wiki unaongeza juu yake.

Nianze na kitako cheusi, maana ndicho kinachowasumbua wengi na ndicho chenye uvumi mwingi. Huo si ukungu wala wadudu. Ni kalsiamu kutofika kwenye tunda, na hapa ndipo watu huambiwa watie maganda ya mayai. Ushauri unaonekana una mantiki, ila unasahau jinsi kalsiamu inavyosafiri. Ndani ya mmea haitembei yenyewe. Inabebwa na maji yanayopanda kutoka mizizini. Na maji huvutwa na anayetoa jasho. Jani ni pana, lina matundu mengi, linatoa jasho mchana kutwa. Tunda lina ngozi laini iliyofunga, halitoi jasho ila kidogo sana. Kwa hiyo maji yakiwa haba, jani hujinyakulia yote na tunda hubaki mikono mitupu. Na kitako, kwa kuwa ndiyo ncha iliyo mbali kabisa na kikonyo, ndicho hufa kwanza. Kalsiamu ikishatua kwenye jani haihamishiki tena, hivyo hata wanaopulizia maji ya kalsiamu majanini hawalisaidii tunda.

Ganda la yai ni kabonati ya kalsiamu, kitu kile kile kilichomo kwenye chokaa, makombe ya baharini na mawe ya matumbawe. Huyeyuka taratibu mno, na udongo usio na tindikali karibu hauliyeyushi kabisa. Wewe unaishi Kigamboni, sehemu kubwa ya ufukwe wake ni mwamba wa matumbawe! Kama udongo wa ndoo zako umechotwa karibu na hapo, kalsiamu unayo ya kumwaga. Kilichokosekana ni maji ya kuibeba.

Utaniambia unamwagilia kila siku. Naamini. Ila sabuni yako imeshatoa ushahidi. Maji yasiyotoa povu yana madini mengi, na visima vingi vya pwani huingiliwa na maji ya bahari. Chumvi ikijaa kwenye udongo huyashika maji, mzizi ukawa unayavuta kwa taabu ingawa udongo umelowa. Mmea unaona kiu katikati ya maji. Juu ya hapo, sodiamu hugombania mlango wa mzizi na kalsiamu. Na ndiyo maana majani ya chini yanaungua kingo: maji hupanda na chumvi, maji hutoka kama jasho, chumvi hubaki imerundikana pembeni mwa jani. Jani la zamani limekusanya kwa muda mrefu zaidi, ndilo huungua kwanza. Angalia juu ya udongo na pembeni mwa ndoo. Ukiona utando mweupe, hiyo ndiyo chumvi yenyewe.

FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wanaeleza kuwa nyanya huanza kupunguza mavuno chumvi ya maji ya kumwagilia ikizidi kiasi cha desisimensi 1.7 kwa mita, kipimo cha jinsi maji yanavyopitisha umeme: chumvi ikizidi, namba hupanda. Vipo vipimo vidogo vya mkononi vya kusoma namba hiyo, na maduka makubwa ya pembejeo huwa navyo. Lakini hata maji yaliyo chini ya hapo yatajaza chumvi kwenye ndoo usipoyaacha yatiririke chini.

Majani ya juu ya njano yenye mishipa ya kijani ni jambo jingine, na hapa nakuomba ujifunze kitu kimoja kitakachokusaidia maisha yako yote ya bustani: kabla ya kuuliza jani lina nini, uliza ni jani lipi. Naitrojeni, potasiamu na magnesi huhamishika ndani ya mmea. Zikipungua, mmea huzichukua kwa wazee ukawapa watoto, kwa hiyo njano huanzia chini. Chuma na kalsiamu hazihamishiki, kwa hiyo upungufu wake huonekana juu, kwenye majani machanga. Yako ni ya juu na mishipa imebaki kijani. Hiyo ni njaa ya chuma.

Na chuma hakijaisha kwenye udongo wako. Kimefungwa, na aliyekifunga ni majivu. Majivu yana potasiamu nzuri, sikatai, na bibi zetu waliyatumia kwa akili: kidogo, kwenye shamba lenye udongo wenye tindikali, mara moja kwa msimu. Lakini majivu ni magadi makali. Kiganja kila wiki kwenye lita 20 za udongo, tena udongo wa pwani ambao pengine umeshaelekea uchokaachokaa, kinaifanya chuma igeuke kitu kama kutu ambacho mzizi hauwezi kukinywa. Ungetia hata misumari humo, isingesaidia. Acha majivu kabisa kwa msimu huu. Watu watakushauri utie siki ili kurudisha tindikali. Siki huoza ndani ya siku chache na udongo hurudi ulipokuwa. Ukizidisha unaunguza mizizi.

Mbolea ya kuku ni mali, ndiyo yenye naitrojeni nyingi kuliko samadi ya ng'ombe. Lakini umeitia mbichi. Ikiwa mbichi inatoa amonia, ile harufu inayochoma pua bandani, na amonia hiyo huunguza mizizi midogo na kuizuia kalsiamu isiingie. Ina chumvi zake pia. Tena kwa mtoto anayechuma na kula, mbolea mbichi ina vimelea vya kuharisha. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka zipite siku 120 tangu kutia samadi mbichi hadi kuvuna zao linalogusa udongo, na siku 90 kwa lisilogusa. Nyanya huanza kuvunwa kabla ya muda huo kuisha, hivyo kwa bustani ya nyumbani nasema: usiitie mbichi hata siku moja.

Iivishe. Changanya debe moja la mbolea ya kuku na madebe mawili au matatu ya majani makavu, pumba za mpunga au vumbi la mbao, lowanisha kama kitambaa kilichokamuliwa, funika, na geuza kila wiki. Katikati ya lundo patapata moto mpaka mkono ushindwe kuvumilia. Hilo ndilo unalolitaka, kwani lundo likifika nyuzi 55 na kukaa hapo siku kadhaa, na ukaligeuza ili kila sehemu ipite katikati, vimelea vingi hufa. Baada ya wiki sita hadi nane, likishapoa na likinukia udongo wa mvua badala ya banda, limeiva. Hiyo ndiyo mboji. Maganda yako ya mayai yasage uyatie humo humo, na maganda ya ndizi pia. Ndizi ina potasiamu, hivyo hutayakumbuka majivu.

Sasa cha kufanya wiki hii. Hakikisha kwanza kila ndoo ina matundu matano au sita chini, yasiyoziba. Kisha osha udongo kwa maji matamu, ya mvua au ya bomba, polepole, ndoo moja na nusu ya maji kwa kila ndoo ya mmea, mpaka yatiririke chini kwa muda. Ni kama lita 30 kwa mmea mmoja, yaani lita 420 kwa ndoo zote 14, na najua bei ya maji. Kwa hiyo chagua sita zenye shina zuri na kichomozo, yaani ncha changa ya juu, kinachokua, uziokoe hizo. Zilizochoka zing'oe bila huruma. Udongo wake uuache wazi mvua iuoshe. Baada ya kuosha, ondoa inchi mbili za udongo wa juu, weka mboji iliyoiva mahali pake (ya kuomba au kununua, maana yako bado haijaiva), halafu funika na majani makavu au makumbi ya nazi yaliyolowekwa na kusuuzwa mara mbili, maana nayo huja na chumvi.

Nyanya yenye matunda kwenye jua la Dar hunywa kama lita mbili kwa siku. Gawa asubuhi na jioni. Kumwaga nyingi leo na kusahau kesho ndiko kunakoozesha kitako hata kwa maji matamu. Kama huna budi kutumia kisima, changanya nusu kwa nusu na maji ya mvua, na kila unapomwagilia acha kidogo kitoke chini. Ukiweza kuweka gata kwenye bati na pipa chini yake, utakuwa umeinunulia bustani yako dawa kubwa kuliko zote nilizozitaja. Matunda yaliyokwisha kuoza kitako yatoe. Hayaponi, yanakula chakula cha wenzake.

Baada ya siku tano hivi utakuwa umeosha chumvi na naitrojeni pamoja, kwa hiyo mmea unahitaji kulishwa. Viganja viwili vya mboji juu ya udongo kila baada ya wiki mbili au tatu vinatosha mmea wenye afya. Ukipata ndugu wa kukuletea alizeti mwitu kutoka Morogoro, Iringa au Arusha, ile yenye maua ya njano kandokando ya barabara ambayo magharibi mwa Kenya wanaiita maua malulu, majani yake ni chakula kizuri sana. Utafiti uliofanywa huko magharibi mwa Kenya ulikuta majani yakikaushwa yana naitrojeni karibu asilimia 3.5 na potasiamu karibu asilimia 4. Katakata, loweka kwenye pipa wiki mbili, koroga kila siku, zimua mpaka rangi iwe ya chai ya rangi nyepesi, umwagie kwenye udongo, si kwenye majani wala matunda.

Na nikwambie ukweli kuhusu maji haya ya mbolea: huwezi kujua yana nguvu kiasi gani. Pipa moja huwa kali, jingine maji matupu. Naitrojeni inayoingia kwenye mzizi ni ile ile iwe imetoka kwenye jani au kwenye mfuko wa dukani. Kijiko kimoja cha chai cha NPK, ile mbolea ya dukani yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu, kwa ndoo kila wiki tatu hakimdhuru mtoto anayekula nyanya, mradi mfuko umefungiwa asiufikie. Sikulazimishi. Mboji inaufanya udongo ushike maji, na hilo mfuko hauliwezi. Ila usijione umefanya kosa siku mboji isipotosha.

Kuhusu nzi weupe, sabuni ya unga iache. Ina vitu vinavyovua nta ya jani, na sodiamu juu yake. Chukua sabuni ya mche ya kawaida, kwaruza kijiko cha chai, yeyusha kwenye lita moja ya maji matamu, maana kwenye maji ya kisima sabuni hushikana na madini ikawa utando usioua kitu. Jaribu kwenye majani mawili, subiri siku moja, kisha puliza jioni, chini ya majani, hapo ndipo wanapokaa na kutaga. Sabuni humuua anayelowa tu. Ikikauka imekwisha, kwa hiyo rudia kila baada ya siku nne au tano.

Msaidizi wa sabuni ni mwarobaini. Mwaka 1959 mtaalamu wa wadudu kutoka Ujerumani, Heinrich Schmutterer, aliona huko Sudan nzige wamekula kila jani isipokuwa ya mwarobaini, na hapo utafiti mkubwa ukaanza. Kilichomo, azadiraktini, hakiangushi mdudu papo hapo. Kinamnyima hamu ya kula na kuvuruga kujivua gamba kwake, hivyo mabuu hawafiki utu uzima. Wengi hupuliza leo, kesho wakiona nzi bado wanaruka husema haifanyi kazi. Ipe wiki mbili. Nguvu iko kwenye mbegu kuliko majani: mbegu zilizokaushwa kivulini zisizo na ukungu, gramu 50 zilizotwangwa kwa lita moja ya maji, ziache zilale usiku mmoja, chuja, tia sabuni kidogo, puliza jioni kwa sababu jua huivunja haraka. Tumia siku hiyo hiyo. Osha nyanya kabla ya kula, na usimnyweshe mtoto mwarobaini wala kumwachia mafuta yake karibu. Mafuta hayo yameshaleta madhara makubwa kwa watoto wachanga.

Nzi weupe wanatia hofu zaidi kwa virusi wanavyobeba kuliko kwa utomvu wanaonyonya. Mmea ukidumaa, majani madogo yakajikunja kwenda juu kama kikombe na kingo za njano, huo ni ugonjwa wa kujikunja majani. Hakuna mwarobaini, sabuni wala dawa ya dukani inayoutibu. Ng'oa, funga kwenye mfuko, tupa. Mmea ukinyauka ghafla ukiwa bado kijani, kata shina karibu na udongo, ning'iniza ncha yake kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka, ni mnyauko bakteria. Huo usiupeleke kwenye mboji, na udongo wa ndoo hiyo usiupandie tena jamii ya nyanya. Ukiona mabaka makavu kama ramani kwenye majani na vitundu kwenye matunda, huyo ni kantangaze, kiwavi aliyeingia nchini mwaka 2014. Hujificha ndani ya jani, kwa hiyo chuma majani hayo mapema kabla hajazaana.

Maua kupukutika pengine si kosa lako. Mchana ukizidi nyuzi 32 na usiku ukikaa juu ya 21, chavua hushindwa kazi, na hakuna mbolea inayoirekebisha. Dar kuanzia Desemba hadi Machi ndivyo kulivyo. Miche ya msimu ujao ipande kuanzia Mei, ikue kwenye kipupwe.

Kama umeosha udongo, umeacha majivu, na baada ya wiki tatu majani mapya bado yanatoka ya njano, usiongeze chochote. Mtafute afisa ugani wa kata yako. Kumwita ni haki yako. Mpelekee tawi zima kwenye gazeti, si kwenye mfuko wa plastiki linakooza njiani, pamoja na maji ya kisima kwenye chupa safi ya lita moja. Udongo na maji hupimwa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, kituo cha Mlingano, Tanga. Kwa wadudu au ugonjwa usioeleweka, ofisi za TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, zinahusika.

Ukihesabu siku, usitazame majani yaliyokwisha kuwa njano, hayo hayatarudi kijani. Funga uzi mwekundu kwenye kichomozo cha kila ndoo leo, na baada ya wiki tatu nipigie picha majani yaliyoota juu ya uzi.